Kizuizi cha Nguzo ya Saba

Mtu akikanyaga sakafu ya Kituo cha Mawe Pacha, sakafu ilimjua. Ilipima uzito wake, ikasoma safari yake kwenye tiketi iliyo mfukoni, kisha ikawasha mstari wa kijani mbele ya viatu vyake. Kazi yake ilikuwa kuufuata tu. Mstari ulimpitisha kati ya maelfu ya abiria bila kugongana bega na mtu, ukamfikisha kwenye mlango wa behewa lenye nafasi. Juu yake kulikuwa na mita sitini za mwamba wa Mwanza, na treni za sumaku ziliingia na kutoka kimya kama paka.

Waliiita sakafu elekezi. Aliyeibuni ni Limi, mhandisi wa miaka ishirini na saba, ambaye mwenyewe hupenda kupita ukutani ukutani ili asikutane na watu wengi wa kusalimiana nao.

Asubuhi hiyo, saa moja na nusu, mkaguzi wa jiji alikuwa anakuja kupima. Abiria wakitoka ngazi za juu hadi ndani ya treni kwa chini ya dakika mbili, sakafu ya Limi ingetandikwa katika vituo vyote kumi na viwili. Hakuwa na wasiwasi. Wiki nzima ilikuwa inasoma dakika moja na sekunde hamsini.

"Samahani, mwanangu."

Mwanamume wa makamo alisimama mlangoni pa kibanda chake cha vioo. Kope zake zilikuwa na unga wa ngano, na alikumbatia kifurushi cha karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hii sakafu?"

"Ni mimi, baba."

"Basi iambie inipe talaka kwa maandishi, maana mke imeshanitenga naye."

Limi alicheka kabla hajaelewa.

Watu walimwita Baba Holo. Alioka mikate usiku kucha. Mkewe alifua mashuka ya hospitali mchana kutwa. "Mimi nikiingia nyumbani, yeye ametoka. Akirudi, mimi nimetoka. Tumebaki na Jumapili, nayo ni kanisa na kufua. Kwa hiyo miaka sita tunakutana hapa, nguzo ya saba. Nampa mkate wa moto, ananiambia mtoto kaamkaje, basi, kila mtu na treni yake. Sasa tangu wiki iliyopita mstari wako unanipeleka kulia, yeye kushoto, nyuma ya ukuta ule. Mikate sita nimekula peke yangu. Tazama tumbo!"

"Si ungesimama tu, baba?"

"Nilisimama. Ikanisema kwa kipaza sauti! 'Ndugu abiria, unazuia wenzako.' Kituo kizima kikanigeukia. Mama Holo naye ana haya; tangu siku hiyo anapita ameinama."

Limi alifungua kumbukumbu za sakafu. Ilikuwapo: *Nguzo ya saba, saa moja na dakika arobaini. Abiria wawili husimama. Kizuizi kimeondolewa.* Aliikumbuka siku ile. Muda wa abiria uliposhuka chini ya dakika mbili, yeye na bosi wake, Mhandisi Bugumba, walipiga makofi wakanywa soda. Hakuuliza kizuizi kilikuwa nini.

Aliiomba sakafu ipige hesabu upya, wawili wale wakiachwa wasimame. Ikajibu: dakika mbili na sekunde sita.

Bugumba alikuwa tayari anashuka ngazi na mkaguzi. Limi alimvuta kando.

"Bosi, naomba niifungue nguzo ya saba."

"Leo? Fungua kesho, tukishapata cheti."

"Kesho itakuwa sakafu ya vituo kumi na viwili, bosi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Itakuwa imewatenganisha wangapi?"

Bugumba alimtazama, akamtazama yule mwoka mikate, kisha akashusha pumzi. "Haya. Fungua."

Penye nguzo ya saba likawaka duara la manjano, na mistari ya kijani ikajipinda kulizunguka. Saa moja na dakika arobaini mwanamke mwenye sare ya bluu alikuja ameinama, akifuata mstari wake. Mstari uliishia ndani ya duara. Akainua uso.

"Umenenepa," alisema.

"Mikate yako hiyo, Mama Holo."

Akacheka, akiziba mdomo kwa kiganja.

Mkaguzi alisoma kipimo. "Mmepitiliza kwa sekunde sita. Tuonane mwezi ujao," alisema, akaondoka.

"Sekunde sita, Limi," Bugumba aliguna, ila macho hayakutoka kwenye duara. Baadaye akauliza, "Vizuizi vingine vilivyoondolewa ni vingapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

Hadi jana Limi aliiona namba hiyo kuwa nzuri. Alimega kipande cha mkate wa moto alichoachiwa mezani na Baba Holo, akampa bosi wake nusu, akafungua kizuizi cha kwanza: *Ngazi za mashariki, saa mbili na robo. Abiria mmoja husimama, hugeuka nyuma.*

"Nani huyo?"

"Sijui, bosi. Nakwenda kumsalimia."

Akatoka kibandani, akakatiza katikati ya sakafu, palipojaa watu.