Mpini wa Mdiria

Jumanne asubuhi Dato' Zulkarnaini aliukuta mpini wa keris yake umegeuka. Alikuwa amelilaza panga hilo fupi la mawimbi ndani ya kabati la kioo sebuleni, pua iliyochongwa kwenye mpini ikitazama mlangoni ili kila mgeni aione. Sasa pua ilitazama ukuta, kama mtu aliyeketishwa karibu na asiyempenda. Kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Alimwita mkewe, Hayati, akamuuliza nani kaichezea. Hayati akasema hakuna. Dato' akamwambia hajui kutunza nyumba, akaugeuza mpini kwa nguvu, kwa maana gundi ya lakiri ilikuwa imeushika barabara, akaenda zake.

Sisi wa ng'ambo ya mto tulimjua kabla ya cheo cha Dato'. Alikuwa mchota mchanga. Aliuchota mto wetu miaka ishirini mpaka kingo zikabaki kama ufizi usio na meno, kisha akatunukiwa u-Dato' kwa utumishi wake kwa watu, na tangu siku hiyo hakumwitikia yeyote aliyemwita Zul. Cheo kinataka keris kiunoni. Yeye hakutaka mpya. Alitaka ya zamani, ili watu wadhani hata babu yake aliwahi kuwa mtu.

Aliipata kwa Bibi Semah, mjane wa Tumpat. Chuma chake kilikuwa cheusi, cha tangu vita vya Patani, na hakikuwa na doa la kutu. Lakini mpini ulimtia kichefuchefu. Ulikuwa wa mti wa kemuning, umechongwa umbo la mdiria, yule ndege mvuvi, kama wachongaji wetu wanavyomchonga: pua ndefu iliyoinuka, macho ya kutumbua, midomo iliyobenuka, mikono miwili imekunjwa tumboni. Pua ilikuwa na ufa. Mti wenyewe ulikuwa umeliwa na jasho la viganja vya watu saba au wanane, wote marehemu, ukawa laini kama kokwa ya embe iliyonyonywa.

Akaupeleka kwa Nik Rubiah, mchongaji, aliyerithi patasi za baba yake na mahali pake pa kazi chini ya nyumba ya nguzo. Wanaume wengi walipita mlango wake wakaenda kwa mafundi wa kiume waliojua nusu ya anachokijua. Dato' alikwenda kwake kwa sababu wale mafundi wa kiume walikuwa wamekataa. Hilo hakumwambia.

"Litoe hili gongo," alisema. "Nataka pembe ya ndovu, na pale chini kikombe cha dhahabu. Kikubwa. Hata walioketi nyuma wakione."

"Mpini huu ulipimwa kwa mkono, Dato'," Rubiah akamjibu. "Haukutengenezwa wa kutazamwa."

"Mkono wa nani, mkulima wa mpunga? Umewahi kuvaa keris wewe, dada yangu? Marehemu baba yako ningemsikiliza. Wewe fanya ulichoambiwa."

Rubiah akaichukua keris. Alikipasha chuma juu ya makaa mpaka lakiri ikalainika, akauzungusha mpini taratibu, ukatoka kwa mlio wa jino linalong'olewa. Ule ulimi wa chuma unaokaa ndani ya mpini ulikuwa umezungushiwa nywele. Nywele za mtu, ndefu, nyeusi, na ingawa zilikuwa zimetoka motoni zilikuwa na unyevu wa baridi, na zilinuka kama kichwa cha mgonjwa aliyelala muda mrefu.

Baba yake alimwonya mara moja tu. Ukikuta uzi, fungua. Ukikuta kitambaa, fungua. Ukikuta nywele, rudisha mpini na uombe radhi, maana kuna aliyefungwa humo.

Rubiah akainua macho. Dato' alikuwa akichokonoa meno huku akisoma simu. Akamdharau kwa moyo wake wote, dharau tamu, kama ya mtu anayemwona adui yake akielekea kisimani kinyumenyume. Akazifungua nywele zile, duru baada ya duru, asiseme neno. Dato' naye akauokota mpini wa zamani, akautupa kwenye makaa, akauliza kazi itakwisha lini. Koleo lilikuwa karibu na goti la Rubiah. Aliutazama ukiungua mpaka pua ikadondoka.

Basi keris ikarudi nyumbani kwa Dato' na mpini wake mpya, mweupe, mnene, wenye pua ya kuchongwa na kikombe cha dhahabu mfano wa bakuli la supu. Jumanne ukageuka. Jumatano ukageuka tena. Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, saa ambayo joto huinyamazisha nyumba yote, Hayati alisikia sebuleni sauti ya mchongaji akisugua mti kwa jani kavu, shaa, shaa, shaa, polepole, kwa subira. Alipoingia sauti ikakoma. Palikuwa na harufu ya lakiri iliyoungua, na nyuma ya harufu hiyo, nywele.

Alimwambia mumewe. Mumewe akacheka, akasema wanawake wa vijijini hata uwape viyoyozi watasikia mashetani ndani yake.

Ijumaa, siku mbili kabla ya hafla ya wenye vyeo, Dato' alisimama mbele ya kioo alasiri amevaa sarungi ya nyuzi za dhahabu ajizoeze, akaushika mpini kama alivyoona wengine wakiushika, na Hayati, aliyekuwa akimkunjia kitambaa cha kichwa, akaisikia tena ile shaa, shaa, lakini sasa haikutoka kabatini wala ukutani, ilitoka ndani ya ngumi ya mumewe, kana kwamba kuna kitu humo kinakisugua kiganja chake na kukipunguza kidogokidogo kipate kukaa sawasawa, na ile harufu ikajaa chumba mpaka macho yakawawasha, na Dato' akajaribu kuuachia mpini asiweze, akavuta, akatukana, akaubamiza mkono kwenye meza, na walipofaulu wawili kuuchomoa mpini kwa mafuta ya nazi, vidole vyake vilibaki vimekunjwa vilevile, vikiwa vimeshika kisichokuwepo.

Hafla hakwenda. Alisema ana mafua.

Kufikia Jumatatu ngozi ya ngumi ile ilikuwa imekuwa ya manjano, ngumu, yenye mistari kama ya mti. Hayati hakumwomba mumewe ruhusa. Alimwita Pak Su Deraman, mganga, naye Pak Su alipoitazama keris aliuliza jambo moja tu: nani aliyeuvua mpini wake? Ndipo Rubiah akaitwa.

Walimkuta Dato' ameketi sakafuni mchana kweupe, ngumi mapajani. Pak Su alipoanza kusoma, Dato' akafunua mdomo. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee, kavu, isiyo na haraka, na ilisema kwa lafudhi ya Patani ambayo Dato' maishani hakuijua.

"Nimeshikwa na watu," ilisema. "Wezi, wauaji, lakini watu. Huyu ni nini? Ana kiganja kama andazi. Mmenitoa nyumbani kwangu mkaniweka ndani ya jino la ndovu."

Pak Su akamwuliza anataka nini aondoke.

"Kwake huyu sitaki kitu. Nitaomba nini kwa mtupu? Atakuwa mpini, basi. Ni kazi ya kwanza ya maana maishani mwake." Kisha macho ya Dato' yakazunguka pole yakamkuta Rubiah. "Lakini huyu mjinga hakujua. Wewe ulijua. Ulizishika nywele, ukajua, ukanyamaza ili upate kuona. Na unajiita mwana wa fundi."

Hayati akamgeukia. "Kweli, dada?"

Rubiah alitaka kusema kwamba alitukanwa. Aliona jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo. "Kweli," akasema.

Pak Su hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba jini aliyevunjiwa nyumba hafukuzwi, hujengewa. Rubiah akachonga mpini mpya kwa siku tatu palepale uani mwa Dato', mti wa kemuning, bila pambo, huku kila alasiri kutoka ndani ikimjia ile sauti ikimkosoa: pua fupi, tumbo nene, baba yako angecheka. Siku ya tatu ikanyamaza. Rubiah akavua kitambaa chake mbele ya Hayati, akakata nywele zake kisogoni, akauzungushia ulimi wa chuma duru saba, akayeyusha lakiri, akauvika mpini.

Ngumi ya Dato' ikafunguka. Mpaka leo vidole vile havifungi kifungo cha shati, na mikono ya wageni huishika kwa kushoto, akisema ni baridi yabisi.

Keris wakairudisha kwa Bibi Semah. Mjane hakuifungulia hata mlango, alisemea dirishani.

"Iondoeni. Mume wangu alikufa nayo mkononi na tulimzika na ngumi yake. Miaka tisa nilikuwa namtafuta mtu mwenye kiburi cha kutosha kuichukua bila kuuliza. Mimi si mjinga wa kuipokea tena."

Ikabaki kwa Rubiah, kwa kuwa nywele ni zake. Haijamgeukia wala haijamnukia. Ila sasa, anapokaa na patasi, mti wowote na agizo lolote, mkono wake hutangulia. Mteja akitaka kichwa cha jogoo au ua, atapewa mdiria, na ni yuleyule, mwenye midomo iliyobenuka kwa dharau. Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Akatoka yuleyule, mzuri zaidi.

Wanaume waliokuwa wakimpita sasa hupanga foleni. Wanakuja kutoka Kuala Terengganu, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, wanaigeuzageuza mipini juani na kusema amempita baba yake. Rubiah hupokea sifa hizo kama barua ya mtu mwingine, ameuweka mkono wa kulia chini ya mkeka, asiutazame.