Walevi wa Mji wa Dhahabu

Picha ilikuwa ya makauboi, na Bakhit alikuwa ameshaionyesha kambini mara nyingi kabla ya kuileta nyumbani, kwa hiyo alimjua kila mtu aliyemo, na hata mbwa wao. Ilihusu mji wa mbao uliozuka jangwani baada ya dhahabu kuonekana mtoni: mchana watu wanachimba, usiku wanalewa, na katikati wanapigana risasi. Siku ile, amekaa pembeni mwa mashine sebuleni kwake, aliona mtu asiyemjua amesimama barazani mwa baa ya mji ule. Alivaa kanzu nyeupe na joho jeusi, miguu mitupu, amewapa mgongo watazamaji.

Bakhit hakuogopa. Alikasirika. Fundi wa senema hapendi kuletewa mtu mpya ndani ya picha bila kuulizwa.

Na hasira zilikuwa hazimtoki siku hizo. Unguja alikuwa bwana wa mashine, mtu wa kuamkiwa njiani na watoto wa skuli wanaotaka kuingia bure. Baada ya mapinduzi alikimbilia Maskati, kwenye mji wa babu zake, akaukuta hauna senema wala ruhusa ya kuwa nayo. Milango ya mji inafungwa usiku, na ukitoka nje lazima ubebe fanusi kama unayetafuta kuku aliyepotea. Kazi aliyoipata mwaka ule wa 1968 ilikuwa kambini kwa kampuni ya mafuta, nyuma ya milima, kuwaonyesha Wazungu picha zao. Wao mbele na vinywaji vyao, yeye nyuma na mashine. Siku filamu ilipokatika, aliomba kwenda kuiunga nyumbani, akachukua na mashine ya zamani na jenereta ndogo. Kuiunga ilikuwa kazi ya dakika chache. Alichotaka hasa ni kukaa kwake, adhuhuri madirisha yamefungwa, aonyeshe picha watu wake waione.

Kilichomkwamisha ni pazia. Kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo, zina mabonde na vilima. Akafungua sanduku la marehemu mama yake, Bi Sayyida, akatoa shuka kubwa jeupe la bafta.

"Baba Hind, hilo la Bwana Mkubwa," mkewe Mahbuba alimwambia, na sauti ilimshuka.

Bi Sayyida alikuwa na ruhani, jini Mwislamu, na kwa kuogopa kumtaja jina nyumba nzima ilimwita Bwana Mkubwa. Akimpanda kichwani, bibi hufunikwa shuka lile, hunyunyiziwa marashi na kusomewa. Bwana Mkubwa alikuwa msafi kupita kiasi. Hataki uchafu, hataki ugomvi, na mlevi akipita tu mlangoni bibi wa watu huugua.

"Mama kafa, na Bwana Mkubwa wake kabaki Unguja," alisema Bakhit. "Mimi nnataka pazia."

Basi juu ya shuka la jini mcha Mungu akamwaga mji mzima wa walevi. Kweli mtu akikasirika akili humwendea mbali.

Kesho yake akaonyesha tena, safari hii pamoja na binti yake Hind. Yule mtu wa kanzu alikuwa ameshaingia ndani ya baa. Alipita meza kwa meza, bila haraka, akimshika mlevi bega na kumsindikiza mpaka pembeni mwa picha, na aliyefika pale hakurudi. Hakuna aliyebisha. Mwisho kinanda kilikuwa kinajipiga chenyewe, na mbele ya bilauri zilizojaa hapakuwa na mtu.

Bakhit alizima mashine, akafungua dirisha na kuuangalia utepe juani. Viti, meza, farasi bila mpandaji. Watu hamna.

"Nitawaambia nini kambini?" alifoka. "Kwamba walevi wao wamefukuzwa?"

"Baba," Hind alinong'ona. "Nani yuko juu?"

"Hakuna mtu juu."

"Mbona wanacheka?"

Wakasikiliza. Darini mabuti yalikuwa yanakwenda na kurudi, mazito, ya watu waliochoka na wasiokuwa na pa kwenda, na pamoja nayo ikashuka harufu ya wiski na kinyesi cha farasi. Bwana Mkubwa aliwatoa kwenye shuka lake. Walikoangukia, shauri yao.

Bakhit alipanda ngazi na nyundo mkononi. Aliona chumba kitupu, magunia ya mchele na mikeka. Alipogeuka kushuka, mtu akamcheulia shingoni.

Hapo ndipo balaa lilipokuwa balaa hasa, maana Hind alikuwa anaposwa. Suud, kijana mwenye heshima zake, alimtaka, na Hind naye alimtaka mpaka chakula hakimpiti. Watu wa mji walikuwa bado wanawatazama waliotoka Zanzibar kwa jicho la pembeni, ati wamelegea dini. Bi Kheiria, mama yake Suud, alikuwa anakuja alasiri ile ile kuiona nyumba.

Mahbuba alisugua sakafu, akafukiza udi mpaka macho yakawawasha. Bi Kheiria akaja, akakaa, akamiminiwa kahawa. Juu bilauri ikavunjika.

"Paka," alisema Mahbuba.

Paka akaanza kuimba Kizungu. Kisha tone la maji ya rangi ya chai likadondoka kutoka darini, likaangukia sahani ya halua. Bi Kheiria akainama akanusa, akaweka kikombe chini bila kunywa.

"Mahbuba, mwanangu kanililia kwa ajili ya binti yenu," alisema polepole. "Kesho nnakuja na baba yake. Nikiikuta harufu hii, mimi na nyinyi hatujuani. Na baba yake Suud si mtu wa kunyamaza. Pombe mji huu ni jela."

Hind alilia kimyakimya nyuma ya mlango. Bakhit, aliyekuwa uani, alipiga ngumi ukuta mpaka vidole vikachubuka. Alishapoteza nyumba, kazi, na kaburi la baba yake la kwenda kulizuru. Sasa na mwanawe akose mume kwa ajili ya walevi ambao hata hawakuumbwa, walichorwa na taa!

Kabla milango ya mji haijafungwa walimleta Bi Muhsina, mganga wa kutoka Unguja aliyewahi kumtuliza ruhani wa Bi Sayyida. Alinusa mara moja tu mlangoni.

"Mmemlaza Bwana Mkubwa na walevi?" aliuliza. "Nyinyi wazima nyinyi?"

Akalifunga dirisha, akawasha ubani, akajitanda lile shuka kichwani na kuanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo vishindo vya darini vilivyozidi, mabuti yakaanza kushuka ngazi moja baada ya jingine, na ngazi zikalia chini ya uzito wa watu wasioonekana, na ile harufu ikaja nao, jasho na baruti na pombe na ngozi ya farasi, wakasimama sebuleni wakipumua kwenye nyuso za Mahbuba na Hind waliokumbatiana chini, mpaka Bi Muhsina akanyamaza ghafla na ndani ya shuka ikatoka sauti ya mwanamume, tulivu, yenye Kiarabu cha zamani ndani yake.

"Nani aliyenichafua?"

"Mimi," alisema Bakhit. "Nnakuomba radhi, Bwana Mkubwa. Warudishe walikotoka. Mtoto anataka kuolewa."

"Kuwarudisha ni kazi. Utanipa nini?"

Bakhit alicheka, kicheko kichungu. "Nna nini miye? Vyangu vyote vimechukuliwa. Chukua chochote kilichobaki, binti yangu tu muache."

"Baba Hind, usiseme chochote!" Mahbuba alimvuta kanzu. "Taja kitu!"

"Nimekubali," ilisema sauti.

Pumzi za walevi zilikatika zote kwa pamoja. Sebule ikabaki na ubani tu, na Bi Muhsina akalivua shuka, amelowa jasho, akamtazama Bakhit kwa huruma asiyoieleza. Mahbuba alikagua nyumba nzima usiku ule. Hakikukosekana hata kijiko.

Kesho yake posa ikapita, na kahawa ikanyweka. Bakhit aliurudisha utepe kambini, ingawa alipouangalia juani aliuona mweupe kabisa. Aliutia mashineni akingoja kufukuzwa kazi. Risasi zikalia, kinanda kikapigwa, na Wazungu waliokaa mbele wakatazama, wakacheka na kugongeana bilauri. Bakhit alinyanyua macho: mwanga mtupu juu ya pazia. Wiki iliyofuata ikaletwa picha nyingine, ya baharini kwa sauti zake. Mwanga mtupu vilevile. Hapo akajua Bwana Mkubwa kachukua nini. Hakumwambia mtu, hata Mahbuba. Aliendelea kuonyesha kwa kusikiliza, na hasira zilimjaa mpaka hakuwa na mahali pa kuzitia.

Hind akaolewa. Suud alikuwa amepata kazi Kuweti, na kwenda huko kulikuwa kwenda kweli, maana aliyetoka bila ruhusa hakuwa na uhakika wa kuruhusiwa kurudi. Kabla ya safari, Bwana Ghanim mpiga picha aliitwa nyumbani. Siku ya kuondoka, shela limeshafungwa na mzigo uko mlangoni, Hind alimwekea baba yake kiganjani picha yake ya harusi.

"Ili usinisahau sura," alisema. "Nimetokaje, baba?"

Bakhit akaigeuza karatasi nyeupe upande huu, akaigeuza upande wa pili, akatafuta.

"Umependeza, mwanangu," alisema. "Umependeza sana."