Haroub Ameingia Majini

"Toka majini, Haroub! Toka nikuone!"

Sauti ya Mastura ilipasua ufukwe mzima wa Raskazone. Vijana tisa waliokuwa wamesimama maji ya kifua wakageuka kwa pamoja. Mwingine, mwenye mvi kichwani na ndevuni, alikuwa anamvuta mwenzake kwa mkono mmoja, kidevu juu, kama walivyofundishwa. Aliposikia sauti ile, mkono ukalegea, na huyo aliyekuwa anaokolewa akazama akanywa maji kwelikweli.

"Babu, unaniua!" alipiga kelele Fanueli, kijana wa Lushoto, huku akikohoa. "Si tumesema ni mazoezi!"

Babu hakumsikia. Alikuwa amemkodolea macho mwanamke aliyesimama mchangani, viatu mkononi, mtandio umemwangukia mabegani.

Huyo babu ni Haroub, miaka hamsini na mmoja, karani wa bandari aliyepunguzwa kazi mwaka uliopita pamoja na wenzake wengi. Mpemba, lakini mtoto wa shamba, wa mikarafuu. Kupanda mti alijua tangu utotoni. Maji yakimpita magoti moyo ulimwenda mbio. Mji mzima wa Tanga ulimcheka kwa hilo. Na Mastura alikuwa mkewe, mpaka alipodai talaka, akapewa moja, akarudi kwao Moa.

Jana yake utingo wa basi alimletea karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa rafiki yake Saleha wa Ngamiani:

"Mastura, kaa chini kabla hujasoma. Hoteli mpya ya ufukweni inafundisha waokoaji, watu wa kuwatoa wanaozama. Haroub yumo! Na vijana wadogo! Nimemwona kwa macho yangu, kavaa bukta."

Mastura hakukaa chini. Alisoma wima, akasoma tena, na alfajiri akapanda basi la kwanza.

Haroub alitoka majini taratibu, maji yakimchuruzika.

"Asalaam alaikum, Mastura."

"Usinisalimie! Nijibu. Unajifunza nini humo?"

"Kuokoa watu."

"Watu gani?" Sauti ilimkatika. "Watu gani, Haroub? Miaka minane! Mwanangu anazama wewe umesimama ukingoni umekauka kama mti, leo ndiyo unajua maji? Leo, kwa ajili ya watalii?"

Haroub aliinamisha kichwa.

"Sema kitu!"

"Sina la kusema."

"Hata siku ile ulisema hivyohivyo! Nimekukuta nyumbani umevaa kanzu kavu, mtoto kalazwa msikitini, nakuuliza ulifanya nini, unaniambia 'Sikuweza.' Sikuweza! Neno moja!"

Vijana walikuwa wamekwisha kutoka majini, wamesimama mbali kidogo, hakuna anayethubutu kujifuta maji. Mwalimu wao, Uweso, mpiga mbizi wa miaka thelathini na kitu, alisogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niache na huyu."

"Nitakuacha, mama. Lakini nani kakwambia alisimama?"

"Uweso, nyamaza," alisema Haroub kwa haraka.

"Mzee, nimenyamaza miaka minane."

"Nimekuomba!"

"Mama, siku ile huyu hakusimama. Aliruka. Na kanzu na viatu. Mimi ndiye niliyemtoa majini, alikuwa amekwisha kupoteza fahamu. Hiyo kanzu kavu aliazimwa msikitini."

Mastura alimtazama Uweso, akamtazama Haroub, akarudi kwa Uweso. Viatu vilimdondoka.

"Aliruka? Hajui kuogelea, aliruka?"

"Aliruka, mama."

"Haroub, kweli?"

Haroub alijifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, alimwambia Uweso awapeleke vijana kwenye mbio za mchangani. Uweso akaondoka nao. Wakabaki wawili.

"Kwa nini umeniacha nikuite mwoga miaka yote hii?" aliuliza Mastura. "Umeniacha niondoke! Ungeniambia tu uliruka!"

"Kwa sababu ningekwambia hilo, ungeuliza la pili."

"Lipi?"

"Alikuwapo mtu wa kuogelea, mbona mtoto hakutolewa?"

Mastura aliitazama bahari.

"Maji yalikuwa yamejaa," alisema Haroub. "Nasima aliteleza kwenye ngazi za gati la zamani. Nikapiga ukelele. Uweso alikuwa anasugua mashua, peke yake, akajitupa majini. Mastura, alikuwa anamfikia. Yamebaki mapigo manne, matano ya mikono. Mimi sikuweza kungoja. Nikaruka. Nikazama, nikaibuka, na Uweso ndiye aliyekuwa karibu yangu. Nikamkaba shingo. Sikumwachia. Alikuwa anapambana na mimi, ananipiga usoni nimwachie, sikumwachia. Ikabidi anitoe mimi kwanza. Aliporudi, Nasima hakuonekana tena."

Mastura alirudi nyuma hatua moja.

"Somo la kwanza la kozi hii," aliendelea Haroub, "Uweso alitusomesha hapa hapa. Asiyejua kuogelea asiingie. Arushe kamba, arushe ubao, apige kelele, asiingie. Akiingia anaua wawili. Vijana waliandika daftarini. Mimi nilikwenda kutapika kule nyuma ya mti wa mvinje."

Alinyoosha mkono amshike bega.

"Usiniguse."

Mastura aliokota kiatu kimoja, akakisahau cha pili, akaondoka peku kuelekea barabarani.

Kwa Saleha alikaa siku tatu. Chai ililetwa ikapoa. Siku ya tatu Saleha akachoka.

"Shoga, lia au tukana. Hiki kimya chako kinanitisha."

"Saleha, unakumbuka asubuhi ile mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa na mimi. Foleni ya sukari, duka la ushirika. Tulipanga mawe ya kushikia nafasi kabla hakujapambazuka."

"Kabla ya kutoka nilimwambia Haroub: mtoe huyu mtoto nyumbani, ananipigia kelele, mpeleke pwani akacheze. Yeye hakutaka. Alisema pwani hapapendi. Nikamgombeza mpaka akatoka."

Saleha alishika mdomo. Miaka yote ya urafiki wao, hakuwahi kulisikia hilo.

"Haroub anajua umesema hivyo?"

"Kwani nilimwambia nani? Si yeye?"

"Na hajawahi kukutupia lawama?"

"Hajawahi. Hata siku ya talaka."

Sasa foleni zilikuwa hazipo tena. Sukari ilijaa madukani, khanga za kila rangi, redio za kaseti, na Mhindi wa jirani alikuwa amefunga simu dukani. Mastura alivaa baibui, akavuka barabara, akaomba apigiwe hoteli. Ilichukua muda kumtafuta mtu wa mchangani na kumleta ofisini.

"Haloo?" Haroub alikuwa anahema.

"Ni mimi."

Kiti kilisikika kikivutwa upande wa pili.

"Mbona hukunilaumu?" aliuliza Mastura. "Mimi ndiye niliyekufukuzeni nyumbani. Unalijua hilo."

"Ulikuwa umeamka saa tisa kumtafutia mtoto sukari ya uji. Nikulaumu kwa lipi?"

"Na ulinificha la Uweso ili iwe nini?"

"Ulikuwa unanichukia, Mastura, lakini ulikuwa unakula. Unakwenda kisimani. Nikasema nikimwambia kwamba mwanawe alikaribia kushikwa mkono, huyu atanifia. Bora anichukie."

Mastura aliegemea meza ya duka.

"Hukuwa na haki ya kunichagulia."

"Sikuwa nayo."

"Na kuogelea? Umri huu? Wanakuita babu!"

"Nilimtafuta Uweso aliporudi kutoka Dar. Nikamwambia nifundishe. Mwaka mzima, kila maji yakijaa. Siku za mwanzo nililia kama mtoto, mie mtu mzima. Ilipotangazwa kozi nikaandika jina. Si watalii, Mastura. Nilitaka siku nyingine mtu akipiga ukelele, nisiwe mimi wa kutolewa."

Mhindi alijifanya anapanga sabuni.

"Mtihani lini?" aliuliza Mastura.

"Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Akakata simu.

Jumamosi alikuwapo, amekaa na Saleha chini ya mwavuli, mgongo umenyooka kama yuko msibani. Watahiniwa walianza kwa mbio mchangani, wakazamia kuokota tofali pima mbili chini. Haroub alizama, akakawia. Mastura akasimama. Saleha akamvuta nguo. Mara kichwa cheupe kikaibuka, na tofali juu ya kifua.

"Subhanallah," alisema Mastura, "ni yule yule?"

Kilichofuata kilikuwa kizito: mita mia nne za kuogelea, kisha kumvuta mtu mzima mpaka nchi kavu, yote ndani ya dakika kumi na tano. Vijana walimaliza mmoja mmoja. Haroub alibaki peke yake, anamvuta Fanueli. Mita ishirini za mwisho alikuwa hasogei, anasukumwa tu na mawimbi. Fanueli alikatazwa kupiga hata teke moja, akawa anamsihi kwa mdomo: "Babu, twende! Babu, tumefika!"

Vijana wote wakaanza kuimba, "Ba-bu! Ba-bu!" Mastura alikuwa amekwisha kuingia majini mpaka magotini na baibui lake, bila kujijua.

Haroub alimfikisha Fanueli mchangani, akaanguka kifudifudi.

Uweso alitazama saa. Akaitazama tena, kama anayetaka ijirekebishe.

"Kumi na tano na sekunde arobaini, mzee. Umeshindwa."

Kelele zilikatika papo hapo. Saleha alisema kitu kibaya juu ya saa. Fanueli akaketi, "Mwalimu, sekunde arobaini tu! Mpe!"

"Nikimpa, siku moja atazama na mtu," alijibu Uweso, macho yamejaa machozi. "Mwezi ujao kuna mtihani mwingine."

Haroub alitikisa kichwa kukubali, bado kalala. Akaona miguu ya mwanamke mbele yake.

"Umeona?" alisema. "Hata leo sikuweza."

"Nimeona. Mwezi ujao nitakuja tena," alisema Mastura. "Lakini sitalala kwa Saleha."

Haroub aliinua kichwa, mchanga umemganda shavuni.

"Utalala wapi?"

Mastura alijifunika uso kwa mtandio. Saleha ndiye aliyepiga kigelegele kabla hata mtaka talaka wa jana hajamaliza kuona haya. Haroub aliinuka ghafla, akaketi, akamtazama kama mtu aliyeitwa jina lake katika nchi ya ugenini.

"Mastura, usinifanyie mzaha."

"Ulitoa talaka moja tu, na eda yangu imekwisha miaka mingi. Nenda Moa ukanipose kwa kaka Sadalla. Na usidhani nimesamehe yote. Sijasamehe. Nina hasira na wewe, nina hasira na mimi, nina hasira na yule kijana na saa yake. Ila nimechoka kukasirika peke yangu."

Haroub alilia mbele ya vijana wote, na hakuna aliyecheka.

Ndoa ilifungwa Moa, Ijumaa ya pili yake, watu kumi na watano na sinia tatu za pilau. Shekhe alikaa na daftari lake, bwana harusi mbele yake, Sadalla upande wa walii, msimamizi wa dada yake.

"Mahari?"

"Muulize mwenyewe," alisema Sadalla. "Mimi amenikataza kusema."

Shekhe akageukia pazia la chumbani. "Bibi harusi, mahari yako nini?"

"Anifundishe kuogelea."

Kalamu ya Shekhe ilisimama. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza mwenzake kama amesikia sawa.

"Kuogelea… baharini?"

"Kwani Shekhe, uwanjani kunaogelewa?"

Kicheko kilitoka chumbani kwa wanawake, kikaenea barazani. Shekhe hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akafikiri kwa muda ambao Haroub aliuona mrefu kuliko mita mia nne.

"Elimu ni mahari," alisema hatimaye. "Nimewahi kuandika juzuu ya Kurani, nimewahi kuandika cherehani. Hii sijawahi. Bwana Haroub, unaweza kuilipa?"

Haroub aligeuka akalitazama pazia. Alijua Mastura anaomba nini. Anaomba kuingia kwenye maji yale yale yaliyomchukua mtoto wao, na yeye ndiye wa kumshika.

"Nina cheti?" alinong'ona. "Sina hata cheti."

"Sikuuliza cheti," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Shekhe akamshika mkono, wakaanza maneno ya ndoa. Na ilipofika zamu yake, Haroub aliyasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Nimekubali kumwoa Mastura, kwa mahari aliyoitaka."

Jumapili asubuhi, watu wa Moa walipoona mtu na mkewe, watu wazima wale, wameshikana mikono wanaingia baharini na nguo zao, walisimama milangoni wakashangaa. Maji yalipofika kiunoni Mastura alisimama, akamkamata Haroub mkono kwa nguvu zote.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza."

Haroub akangoja.