Vidole Viwili vya Pumzi

Karatasi zilisema moyo ni mzima. Hii ilikuwa mara ya tatu kwa karatasi kusema hivyo, na kwa mara ya tatu Mama Kesho alizikunja, akazitia kwenye mkoba na kutoka hospitali akihema kama aliyebeba gunia.

"Moyo safi, mapafu safi, damu safi," daktari alikuwa amemwambia kwa upole. "Umechoka tu, mama. Pengine ni mawazo."

Mawazo. Neno hilo lilimchoma, na sababu aliijua mwenyewe.

Jua lilikuwa linazama. Angejiendea nyumbani akalale, lakini suruali ya kazini ya mumewe ilikuwa kwenye duka lake la ushonaji, na asubuhi mume ana zamu. Basi akashika njia ya dukani. Hatua kumi, anasimama. Hatua kumi nyingine, anasimama tena. Kifua kilimbana palepale pa siku zote, chini ya matiti, kikazunguka mbavu hadi mgongoni. Alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulimchosha.

Hilo jina la Mama Kesho hakupewa na wazazi wake. Wateja ndio waliompa. Mkono wake kwenye cherehani haukuwa na mpinzani, hilo hata maadui zake walikubali. Ila ukimpelekea nguo leo atakwambia njoo kesho, na hiyo kesho ukija atakwambia tena njoo kesho, uso mkavu, pini mdomoni.

Fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa anamalizia kiatu cha mwisho.

"Mama Kesho. Leo umekuja leo?"

"Niache, kaka. Sina pumzi ya kucheka."

"Pole. Wamesemaje?"

"Moyo mzima."

"Basi shukuru. Halafu kuna mteja wako alikuja. Mama mmoja hivi, naye anahema kama wewe. Kasema atakusubiri ndani."

"Ndani wapi, na kufuli hili hapa?"

Fundi viatu akalitazama kufuli. Akakuna kichwa. "Mimi nilikuwa nimeinamia kiatu, dada. Nilipoinua macho hakuwepo."

Mama Kesho akafungua.

Kwanza ilimpokea harufu. Si ya chaki wala ya mafuta ya cherehani. Ilikuwa dawa ya kuchua kifua, ile kali inayopanda puani... Mteja mmoja tu ndiye aliyekuwa ananuka dawa hiyo, na mteja huyo alikuwa amezikwa wiki tano zilizopita.

Akawasha taa. Gauni la kijani, ambalo yeye mwenyewe alilizika chini kabisa ya kapu la vitambaa, lilikuwa linaning'inia kwenye msumari.

Akaketi kwenye kiti chake cha kushonea.

Kila fundi anajua kwamba ukimpima mtu kifua, unaweka vidole vyako viwili chini ya futi. Hivyo ni vidole vya pumzi. Usipoviweka, nguo itamkaa mtu vizuri mpaka atakapovuta hewa. Kwa gauni hili Mama Kesho aliviweka. Lakini siku ya kukata alipungukiwa kitambaa cha kijani cha kola ya mteja mwingine, akakimega kwenye gauni, pembeni, upana wa vidole hivyohivyo viwili, akidhani haitajulikana. Mwenye kola alishahama mji.

Mwenye gauni akarudi nalo. "Linanibana, fundi. Niongezee kidogo."

Aongeze nini, na kitambaa amekimega? Aibu ikamfunga mdomo. Akasema njoo kesho. Mama wa watu akaja kesho, na kesho yake. Mara ya mwisho alikuja na bahasha ya hospitali mkononi, nayo inasema moyo ni mzima, huku anavuta hewa kwa shida. "Hata nikiwa sijalivaa linanibana," akasema. Na Mama Kesho, pini mdomoni, akacheka. "Hayo ni mawazo, mwenzangu. Njoo kesho."

Hakuja tena.

Hapo ndipo angeacha. Lakini kitambaa kilikuwa kizuri, na mwenyewe hayupo. Akalipunguza gauni kwa mwili wake, akalijaribu mara moja mbele ya kioo. Lilimkaa kama ngozi. Akalivua, akajaribu kuvuta pumzi... na tangu siku hiyo pumzi haijaingia yote.

Nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mtu akahema.

Kifupi. Kifupi. Kifupi.

"Fundi..." Sauti ilikuwa ya kunong'ona, imechoka, haina hata hasira. "Tayari?"

Mama Kesho hakukimbia. Kukimbia kunataka pumzi. Akachukua wembe, akalilaza gauni mapajani, akaanza kufumua.

Uzi wa kwanza ukakatika, na ubavuni mwake kitu kikalegea. Akafumua mwingine. Kikalegea tena. Machozi yakamtiririka, si ya woga, ya nafuu tu. Akaondoa chote alichojipunguzia, kisha akatafuta kitambaa kilichobaki kwenye mshono, akakivuta mpaka ukingo wa mwisho, akashona. Kikatoa upana wa kidole kimoja.

Cha pili hakikuwepo.

Akalipitisha gauni juu ya pazia. Lilipokelewa. Pazia likacheza kidogo, kama mtu anainua mikono avae.

"Nilikimega," Mama Kesho akanong'ona. "Nilikukosea, dada. Niliona aibu kukwambia."

Ndani, mtu alivuta pumzi. Ilifika nusu, ikakwama.

"Bado kidole kimoja," sauti ikasema, taratibu. "Si neno. Nitapita..."

Haikumaliza. Mama Kesho alisubiri, kisha akavuta pazia. Kioo tupu, stuli tupu. Gauni halikuwepo. Ile dawa ya kuchua ndiyo iliyobaki, kali, ikimpanda puani.

Akazima taa, akafunga kufuli, suruali ya mumewe ameisahau ndani. Nje akajaribu kuvuta hewa. Ikaingia, ikashuka, ikafika nusu. Ikakwama.

"Umemkuta mteja wako?" fundi viatu akauliza.

"Nimemkuta."

"Kazi yake imeisha?"

Mama Kesho akabonyeza kifua chake kwa vidole viwili, pale panapobana.

"Atapita kesho," akasema.

Fundi viatu akacheka mpaka akashika mbavu. Miaka yote hiyo, na bado neno lile lilimchekesha.