Muntu wa Mvua

– Papa Numbi, ambia muntu wa mvua apunguze mvua yake. Sauti yangu haisikike.

Muntu wa mvua alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, ameshika sinia la bati lenye mchele mkavu. Alinisikia vizuri sana. Lakini mimi Anaïs nilikuwa nimemnunia Tharcisse miezi minane kamili, na sikuona sababu ya kumsemesha nusu saa kabla ya kipindi.

– Tharcisse, mutoto wangu, punguza mvua, Papa Numbi akasema kwa uchovu.

– Papa, umwambie Mademoiselle kwamba mchele ni ule ule wa jana.

– Papa, umwambie jana pia ilikuwa mingi.

– Miye niko ambassadeur yenu? Bon. Mvua kidogo. Anaïs, sogelea micro. Tunaanza dix-huit heures pile, saa kumi na mbili kamili.

Papa Numbi alifanya kazi redioni Lubumbashi ujana wake wote. Mwaka jana aliamua kwamba sisi tuliokulia Brussels lazima tujue burudani ya redio ilivyokuwa enzi zile za mwanzo, mtu alipokuwa haoni chochote ila anasikia kila kitu. Basi katika ukumbi wa parokia moja hapa mtaa wa Forest akatundika pazia katikati. Upande wa mbele wasikilizaji walikaa wakitazama redio kubwa ya mbao, ambayo tulikuwa tumeficha spika ndani yake. Nyuma ya pazia tulikuwa sisi: magitaa mawili, mtu wa kugonga chupa, mimi mtangazaji, na Tharcisse wa milio. Mvua, hatua za viatu, mlango wa kugongwa, vyote alivitengeneza kwa mikono yake. Mikrofoni ilikuwa moja kwa wote. Wazee wasioweza kutoka nyumbani walitusikiliza kwenye simu zao.

Sheria nayo ilikuwa moja. Taa nyekundu ikiwaka, kimya hakuna.

– Kimya ya seconde trois, Papa Numbi alituambia kila jioni ya mazoezi, na muntu anafunga poste, redio yake, anaenda kulala.

Sasa nikwambie kwa nini nilinuna.

Februari, siku ya Jumamosi, Tharcisse alitakiwa kuja kwetu mtaa wa Etterbeek kujitambulisha, yeye na tonton yake, yaani mjomba wake. Mama zangu walikuwa jikoni tangu alfajiri. Wanawake tisa tulishona sare ya kitenge kimoja kutoka maduka ya Chaussée de Wavre, na ndani ya sare hiyo mimi nilijiona malkia. Saa tisa ikafika, hakuna mtu. Saa kumi na moja, hakuna mtu, na simu yake imezimwa. Ilipofika saa moja jioni baba yangu, Papa Donatien, alivua koti la suti, akalikunja polepole na kusema, "Bantu bakule, chakula itaharibika." Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la Tharcisse nyumbani kwetu.

Nilijua kiwanda cha magari alichofanyia kazi kilikuwa kinafungwa mwezi ule ule. Lakini kukosa kazi hakumzuii mtu kubonyeza simu. Nilimpenda mtu yule, na nilikuwa bado nampenda, ndiyo maana hasira yangu haikupoa. Wiki tatu kabla ya kipindi Papa Numbi akamleta mazoezini bila kuniuliza. Na juzi nikasikia kwamba Jumatatu anahamia mji wa Gent, amepata kazi kwenye ghala huko. Yaani ilikuwa jioni hiyo, au ndiyo basi tena.

Saa kumi na mbili kasoro ishirini simu yangu ikatetemeka. Ni Mukendi, aliyetakiwa kuigiza pamoja nami mchezo wa mapenzi.

"Ya Anaïs, dada yangu, sauti imeisha tangu asubuhi. Nimekunywa tangawizi mpaka tumbo inaungua. Ata allô haitoke. Pardon."

Nikampigia hapo hapo.

– Allô? Mukendi? Sema kitu.

Upande wa pili nikasikia kama mtu anapuliza jiko la mkaa. Nikakata.

Papa Numbi alisoma ujumbe ule mara mbili. Halafu akageuka taratibu, akamtazama mtu mmoja tu mle ndani aliyejua maneno yote ya Mukendi, kwa sababu ndiye aliyetakiwa kujua mvua inyeshe wapi na mlango ugongwe wapi.

– Hapana, nikasema.

– Hapana, Tharcisse naye akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu Februari.

– Bantu cent vingt beko pale mbele, Papa Numbi akasema. Na bazee benye kuwa mu nyumba. Niwaambie nini? Que mapenzi hakuna, Anaïs amekasirika?

Tharcisse alilitazama sinia lake.

– Miye nitafanya, akasema. Kama Mademoiselle anakubali.

– Papa, mwambie asome vizuri, nikajibu. Asinipoteze.

Taa nyekundu ikawaka.

"Bazee na bandugu, bonsoir, hii ni redio yenu," nikaanza, na ng'ambo ya pazia watu mia na ishirini wakaitikia bonsoir kana kwamba redio ya mbao inawasikia. Magitaa yakaingia. Chupa ikalia. Nikasikia viti vinasogezwa na akina maman wameanza kucheza, na kipindi chenyewe hakijatimiza hata dakika tano. Nilisoma salamu za watu, nikaimba tangazo la sabuni ambayo haipo duniani, watu wakacheka. Furaha ilinipanda, karibu nisahau nani amesimama nyuma yangu.

Kisha ukafika mchezo wenyewe. Kijana ananyeshewa, anabisha hodi nyumbani kwa msichana, msichana anamkaribisha. Basi, hadithi nzima ndiyo hiyo.

Lakini kwa mikrofoni moja huwezi kusimama mbali. Ukirudi nyuma nusu hatua, sauti yako inapotea. Kwa hiyo tulisimama uso kwa uso, pua zikikaribia kugusana, mkono wake mmoja ukitikisa mvua na mwingine ukigonga ubao wa mlango. Alikuwa ameota mvi mbili kwenye kidevu. Zamani hazikuwepo, na niliumia kuziona.

– Hodi.

– Nani?

– Ni miye. Mvua imenishika.

– Unatoka wapi na mvua yote hii?

– Mbali. Nifungulie, nisikie sauti yako karibu.

Hapo karatasi iliniambia niseme, "Karibu ndani, ukauke." Nilifungua mdomo. Yakatoka mengine kabisa.

– Na ile siku bantu balikungojea, ulikuwa wapi?

Mvua ikakatika. Papa Numbi akapekua karatasi zake, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, kisha akanitolea macho. Kidole kimoja juu. Cha pili.

– Nilifika, Tharcisse akasema.

– Uongo.

– Nilifika, Anaïs. Mu étage ya pili, ku ghorofa yenu, na maua, na soulier mupya mu miguu. Tonton alikuwa angali anatafuta parking. Miye nikapanda mbio, sikuweza kumungojea, juu ya furaha.

– Alors? Ikakuwa nini?

– Nikafika ku mulango. Kabla sijagonga, nikasikia muntu mukubwa wa kwenu anasema ndani, kwa nguvu: "Uyu kijana hatumujue. Hana kazi, hana kwao. Arudi kule alitoka. Apa hatuna binti wa kumupatia." Na bantu bote bakacheka.

Nikaiweka chini karatasi yangu.

– Mu poche nilikuwa na barua ya kiwanda, akaendelea. Niliipata vendredi, jana yake. Nikaona mumekwisha kujua. Nikashuka, nikaacha maua ku escalier, pale ku ngazi. Ata tonton sikumuambia kile nilisikia.

Ng'ambo ya pazia mama mmoja akasonya, "Ah, bazazi ba siku hizi ni bakali." Walidhani bado ni mchezo, masikini.

Halafu kiti kikaanguka mstari wa mbele.

– Uyo muntu alikuwa miye!

Nani asiyeijua sauti ile? Shangazi yangu, Maman Victorine.

– Nilikuwa ninafanya répétition! akapaza sauti. Seigneur, miye njo porte-parole wa familia! Nilikuwa ninawaonyesha vile nitamukatalia!

Msomaji wangu, kama si wa kwetu, nielewe vizuri. Mgeni wa posa hapokelewi hivi hivi. Lazima kwanza msemaji wa familia ya binti amkatae, amkane, amuulize kwao ni wapi, mpaka msemaji wa upande wa pili ambembeleze na watu wacheke. Usipokataliwa hata kidogo, ujue hawakupendi. Maman Victorine anasifika kwa kazi hiyo kuanzia Brussels mpaka Liège, na mchana ule, kabla ya saa tisa, alikuwa anafanya mazoezi sebuleni kwetu. Tharcisse aliletwa Ulaya kutoka Bujumbura akiwa na miaka sita. Hakuwahi kukaa kwenye posa ya mtu yeyote. Na tonton wa kumweleza mambo hayo alikuwa chini, anazunguka na gari.

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, mtu wa chupa akagonga chupa bila kuambiwa. Tharcisse alibaki ameshika sinia.

– Donc ilikuwa mchezo? akaniuliza kwa sauti ndogo, na mikrofoni ikaichukua yote.

– Ilikuwa mchezo. Mais weye, miezi nane? Maneno ya nyuma ya mulango, hauone sura ya muntu, na unazima simu? Ungegonga tu.

– Niliona haya. Muntu hana kazi, anagonga aseme nini?

– Ungesema jina yako. Miye nilikuwa pale.

– Najua. Njo iliniuma zaidi. Kati ya benye kucheka nilisikia kicheko yako.

Ni kweli nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na gauni langu jipya likafumuka kwapani. Kwa miezi minane nilijiona mimi peke yangu niliyeumizwa, kumbe mwenzangu alishuka ngazi zile na kicheko changu masikioni.

– Nilicheka, nikamwambia. Nilicheka juu ya furaha, nilijua unakuya.

Alifumba macho.

– Simu ulizima juu ya nini? nikauliza. Ata message moja.

– Juu kama ungenipigia, ningerudi. Na nilifikiri hamunitake.

– Miye nilikutaka. Ningali ninakutaka, imbécile, mujinga weye.

Sikupanga kuyasema hayo mbele ya watu mia na ishirini na wazee wote wa Brussels. Yalitoka tu, na sikujuta.

Mbele ya pazia hatua nzito zikakaribia, hatua moja moja. Hizo hazikutengenezwa na mtu wa milio.

– Anaïs.

Ilikuwa sauti ya baba yangu, Papa Donatien. Hakufungua pazia. Alisimama upande wake, nami upande wangu, na vicheko vyote vikazimika.

– Ndiyo, papa.

– Ninakuuliza mbele ya bantu. Uyu muntu akikuya samedi, hii Jumamosi, na tonton yake, nimufungulie?

Kwetu baba hapokei chochote kwa ajili ya binti kabla ya kumuuliza mbele ya watu, na humuuliza mara tatu. Nilitakiwa nijibu. Nilimtazama Tharcisse, nikajaribu kuona kama mtu huyu siku nyingine ya shida atanizimia simu tena.

– Mara ya pili, baba akasema. Nimufungulie?

Papa Numbi alikuwa ameinua vidole vitatu. Akaongeza cha nne, cha tano. Halafu akashusha mkono, akakaa kwenye sanduku la gitaa na kujipangusa jasho.

– Tharcisse, nikasema. Siku utapoteza kazi ingine, nani atajua wa kwanza?

– Weye.

– Ata kama ni usiku?

– Nitakuamsha.

– Mara ya tatu, baba akasema, na sauti yake safari hii ilikwaruza kidogo. Nimufungulie?

– Papa, umufungulie. Lakini Tante Victorine amufukuze kwanza. Amufukuze muzuri.

Sijui nani alianza. Nafikiri ni gitaa la pili. Nilichojua ni kwamba muziki umetushukia, pazia limevutwa na akina maman waliotaka kumwona huyo muntu wa mvua kwa macho yao, na mchele umemwagika sakafuni mpaka Maman Victorine akateleza, akadakwa na Papa Numbi. Kwenye simu ya ukumbi wazee walikuwa wanapiga mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja wa Anderlecht aliuliza kama mchezo huu utarudiwa wiki ijayo na waigizaji wale wale.

Tharcisse hakuhama tena: Gent anaenda kwa treni, alfajiri anatoka na jioni anarudi.

Na Jumamosi ile walikuja saa tisa kamili, yeye na tonton yake. Maman Victorine alisimama mlangoni na sare yetu ya kitenge, akamkana, akamuuliza kwao ni wapi, akamwambia binti wa nyumba hii ameolewa Kanada, akamfukuza dakika arobaini nzima mpaka majirani wa juu wakatoka kuangalia. Nilikuwa nimejificha nyuma ya baba, nacheka kwa sauti kubwa makusudi, ili anisikie. Tharcisse alisimama kwenye ngazi na maua yake, machozi yakimtoka, na hakusogea hata hatua moja.