Doa Chini ya Pikapu

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Paskazia alitandika vipande viwili vya boksi chini ya pikapu ya baba yake: kimoja mbele, chini ya injini, na kingine nyuma, kati ya magurudumu. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alilala kifudifudi, akavivuta na kuvisoma. Doa jeusi lilikuwa oili. Doa la rangi ya kutu lilikuwa maji ya rejeta. Doa lisilo na rangi ndilo lililotaka akili, kwa sababu maji na mafuta ya breki hufanana machoni. Hilo baba alimfundisha kuligusa na kulisugua kwa vidole. Maji hukauka. Mafuta ya breki huteleza.

"Haya, mama, leo Bibi kaamkaje?" Mihayo, baba yake, alikuwa akiuliza huku anakunywa chai amesimama.

"Kaamka salama, baba. Pakavu."

Bibi lilikuwa jina la pikapu. Umri wake ulizidi wa Paskazia mara mbili na ushee. Mita yake ya kilometa ilisimama kwenye laki nne na themanini elfu, na huo ulikuwa mwaka wa nne tangu igome kuhesabu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya mpira. Hata hivyo, ndiyo iliyobeba mchele wa wakulima kutoka Magu hadi Buzuruga, Mwanza, na ndiyo iliyomlisha Paskazia na kumvisha sare ya shule.

"Mihayo, hilo ni gari au makumbusho?" madereva wenzake walimtania stendi.

"Makumbusho yanayoleta ugali nyumbani," aliwajibu. "La kwako jipya liko wapi? Si liko gereji?"

Alhamisi moja, Bibi alipelekwa kwa fundi Luhende, mzee mwenye gereji ya mabati jirani na stendi ya Buzuruga, akafungwa mpira mpya wa breki kwenye gurudumu la mbele. Binti yake fundi huyo, Winnie, alikaa dawati moja na Paskazia darasa la sita. Wawili hao walikuwa chanda na pete.

Jumamosi yake baba alikuwa na safari ya kupeleka mchele Sengerema na kurudi na mananasi. Alikuwa amemwahidi Paskazia kwamba atamchukua. Paskazia alizaliwa na kukulia Mwanza, ziwa analiona kila siku, lakini hakuwahi kupanda kivuko hata mara moja. Mama yake, Teodora, alimshonea gauni la kitenge kwa ajili ya siku hiyo.

Usiku wa kuamkia safari mvua ilinyesha. Asubuhi Paskazia alitoka akiwa tayari amevaa gauni lake, akakuta uwanja umekuwa tope tupu. Alisimama kando ya pikapu, akalitazama lile tope, akalitazama gauni. Alichuchumaa, akakivuta kipande cha boksi cha nyuma kwa ncha za vidole, nusu tu. Karibu na gurudumu la kushoto palikuwa na unyevu, doa kubwa kama kiganja cha mtu mzima, lisilo na rangi.

"Ni mvua," alijiambia. Hakuligusa. Angeligusa angechafuka, na kama lingeteleza, safari ingekufa palepale. Akalisukuma boksi lirudi lilikotoka.

"Bibi kaamkaje?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Pakavu, baba."

Kivuko kilimpendeza kama alivyoota. Upepo ulimpiga usoni, na mawe makubwa ya Mwanza yakabaki nyuma yakiwa madogo kama kokoto. Mpaka wanashusha mchele Sengerema alikuwa ameshalisahau lile doa.

Bibi hakusahau. Walipomaliza kupakia mananasi, baba alikanyaga breki, akakunja uso.

"Pedali inazama," alisema. Alifungua boneti, akakuta mafuta ya breki yamepungua. Akaongeza yaliyobaki kwenye chupa yake. Kisha akamgeukia binti yake na kumtazama machoni. "Paska, mwanangu. Asubuhi nyuma hakukuwa na doa? Hata kidogo?"

Hapo ndipo Paskazia alipopata nafasi ya pili, ambayo si kila mkosaji hupewa. Akisema kweli, baba atajua alidanganya asubuhi. Atakasirika. Huenda wakalala hukohuko na mananasi yaoze.

"Hakukuwa na kitu, baba."

"Uliligusa boksi?"

"Niliyagusa yote mawili."

Baba akashusha pumzi. "Basi ni hewa tu. Mzee Luhende hakuitoa yote alipofunga ule mpira. Kama pangekuwa panavuja, boksi lingesema. Tutakwenda polepole, atatutazamia tukifika."

Walikwenda polepole kweli. Njiani baba alikanyaga pedali mara mbili mbili, na Bibi akawa anatii kwa shida. Walipoanza kuteremka kuelekea gati la Kamanga, Paskazia aliona mguu wa baba ukizama mpaka sakafuni. Ukainuka, ukazama tena. Safari hii gari halikutii.

Baba alirudisha gia. Injini ikanguruma, lakini mzigo wa mananasi ulikuwa mzito na mteremko nao haukuisha. Breki ya mkono ilishika kidogo, ikaachia. Mbele yao watu walikuwa wamepanga foleni wakisubiri kivuko: kina mama na ndoo za dagaa, pikipiki, mzee mwenye mbuzi wawili. Nyuma ya watu hao yalikuwa maji.

"Inama! Shika kiti!" baba alipiga kelele huku mkono wake umeikandamiza honi. Kisha akakata usukani kulia, akaiacha barabara, akauelekeza upande wake yeye kwenye jabali.

Paskazia alisikia mlio mmoja tu. Alipoinua kichwa, mananasi yalikuwa yakibiringika kuelekea ziwani na watu wakikimbia kuja kwao. Yeye alikuwa na mchubuko kwenye paji la uso. Baba alikuwa amebanwa na mlango, mguu wake wa kulia haukuonekana chini ya bati, na alikuwa akiuliza neno moja tu, tena na tena: "Umepona? Umepona, mama?"

Mguu ulivunjika mahali pawili. Daktari alimwambia Teodora, mkewe, asitarajie utembee kama zamani. Pikapu ilivushwa na kuvutwa mpaka kwenye gereji ya Mzee Luhende, na aliyeamua hivyo alikuwa baba mkubwa Mashimba, kaka yake Mihayo.

"Siipeleki itengenezwe," Mashimba alisema kwa uchungu. "Naipeleka aione kazi yake. Kafunga breki Alhamisi, Jumamosi breki hakuna. Ndugu yangu kalala hospitali na mguu umening'inizwa!"

Maneno hayo yalifika stendi kabla ya gari lenyewe. Siku ileile madereva watatu waliondoa magari yao kwa Luhende.

Jumatatu yalifika shuleni.

"Winnie!" aliita mvulana mmoja, Antoni, mbele ya darasa zima. "Eti baba yako hufunga breki kwa mate?"

"Kwa ubwabwa!" akadakia mwingine. Darasa likaangua kicheko.

Winnie alimgeukia Paskazia. "Paska, baba hajalala tangu juzi. Anasema aliujaribu ule mpira mara tatu. Wewe ulikuwemo ndani ya gari. Na wewe unaamini ni yeye?"

Paskazia aliinamia daftari lake. Winnie alingoja, akangoja, kisha akakusanya vitabu vyake na kuhamia dawati la nyuma.

Jumanne jioni mama alimtuma Paskazia apeleke uji hospitalini. Alipopita karibu na stendi aliona watu wamejaa mbele ya gereji ya Luhende. Baba mkubwa Mashimba alikuwa amekuja na mjumbe wa mtaa na vijana wawili wenye nguvu.

"Twende polisi kwa hiari yako, mzee, au twende kwa nguvu. Chagua."

"Mashimba, mimi nimeshika spana miaka thelathini," Luhende alisema kwa sauti ya chini. "Mpira niliufunga vizuri. Lakini kama Mungu ameona nilikosea, twendeni. Niacheni nivae shati tu."

Winnie alikuwa amesimama mlangoni, amelishika lile shati, hataki kumpa.

Paskazia aliweka chupa ya uji chini. Hakujua miguu yake ilimfikishaje katikati ya wale watu.

"Baba mkubwa, mwacheni. Si yeye. Ni mimi."

"Toka hapa, mtoto. Haya ni mambo ya wakubwa."

"Ni mimi! Niliona doa asubuhi, nikasema pakavu. Sikuligusa, niliogopa kuchafua gauni. Na Sengerema baba aliniuliza tena, nikamdanganya tena. Aliniamini." Akamgeukia fundi. "Mzee Luhende hana kosa. Baba aliniamini mimi."

Mzee Luhende ndiye aliyesogea, akainama mpaka macho yao yakalingana. Paskazia alifumba macho akingoja kofi.

"Doa lilikuwa upande gani?" fundi aliuliza.

"Nyuma. Kushoto."

Luhende aliingiza jeki, akavua gurudumu la nyuma la kushoto watu wote wakitazama. Ndani kulikuwa kumelowa. Alichomoa raba ndogo ya breki, nyembamba kama pete, imechanika kwa uzee. Kisha akampeleka Mashimba mbele, akamwonyesha ule mpira mpya. Ulikuwa mkavu, mzima, umekazwa barabara.

"Raba hii ni kitu kidogo," fundi alisema. "Ningeambiwa Jumamosi asubuhi, kabla ya saa tatu wangekuwa barabarani."

Mashimba alivua kofia. "Mzee, nimekukosea mbele za watu."

"Umeumia, ndugu yangu. Mtu aliyeumia hashiki maneno yake."

Uji ulifika hospitalini umepoa. Paskazia alimwambia baba yake yote, amesimama kando ya kitanda, bila kujitetea. Mihayo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani. Kwa Paskazia hilo lilikuwa baya kuliko jabali la Kamanga.

Hatimaye baba alisema, "Kwa mguu huu, nimekusamehe. Ni wangu, nina haki ya kuusamehe. Jina la fundi si langu. Limechafuliwa stendi, na huwezi kulisafishia hapa kitandani kwangu. Kesho baada ya shule nenda stendi. Kila dereva aliyetoa gari lake kwa Luhende, mwambie ulichofanya. Kwa kinywa chako."

"Watanicheka, baba."

"Watakucheka. Nenda."

Akaenda. Alipofika, Winnie alikuwa amesimama kwenye kona ya stendi. Hata salamu hakuitika vizuri, ila alitembea hatua mbili nyuma yake kutoka gari hadi gari.

"Shikamoo. Mimi ni binti wa Mihayo wa Bibi. Ajali haikutokana na fundi Luhende. Niliona gari linavuja, nikadanganya."

Dereva wa kwanza alitikisa kichwa na kupandisha kioo. Wa pili alimwita mchawi wa baba yake, na Paskazia akalia, akajifuta, akaendelea. Wa tatu, mwanamama mnene mwenye lori la samaki aliyeitwa Chenge, alimtazama kwa muda.

"Rudia," alimwambia. Paskazia akarudia. "Na nani kakutuma?"

"Baba. Lakini ni kweli."

Chenge aliwasha lori, akaliingiza taratibu kwenye uwanja wa Luhende. Kesho yake dereva wa kwanza naye akarudisha lake.

Ilichukua wiki sita Bibi kutengenezwa na miezi mitatu Mihayo kurudi nyumbani kwa magongo. Hadi leo anachechemea, na Mashimba ndiye anayeliendesha gari kwenda Magu. Paskazia hakurudishiwa kazi ya maboksi. Mama yake aliichukua, na binti hakuthubutu kuuliza itakuwa mpaka lini.

Siku ambayo Bibi alitoka gereji, Mzee Luhende aliwaita wale wasichana wawili, akawaketisha kwenye tairi kuukuu.

"Watu huniuliza gari zee linadumu kwa dawa gani," alisema. "Wanadhani ni spea. Spea zipo, kila duka linauza. Gari zee halina mdomo, wanangu. Linavuja kidogo, linagonga kidogo, basi, limemaliza kusema. Aliye karibu ndiye wa kulisemea, hata kama neno lenyewe litamharibia siku yake. Paska, ukweli wako ulikuwa wa bei ya gauni lenye tope. Ulipouchelewesha saa chache ukawa wa bei ya mguu. Ulipouchelewesha siku tatu ulikaribia kunifunga jela. Ukweli ukishauona, useme ungali mdogo."

Paskazia aliitikia kwa kichwa, machozi yanamlenga.

"Haya, ondokeni, nina kazi," fundi alisema, akazama chini ya lori la Chenge.

Asubuhi iliyofuata, mwalimu alipoingia darasani, Winnie alikuwa amerudi kwenye dawati lao la mbele. Hakumtazama Paskazia. Alisogea tu kidogo, akamwachia nafasi ya kuweka daftari lake.