Nafasi ya Nne

Doa lenyewe lilikuwa dogo, ukubwa wa kisahani cha chai, na katika gereji nyingine yoyote lisingemshtua mtu. Magari huvuja oili. Lakini Agneta alisimama mbele yake na ufagio mkononi, baridi ya asubuhi ya Kitale ikimpuliza miguuni, kwa sababu nafasi hiyo ya nne, ile ya mwisho karibu na ua, haikuwahi kuingiwa na gari tangu ijengwe.

Aliinama akaligusa. Lilikuwa vuguvugu.

"Ni oili chafu ya fundi Ngige," mumewe alimwambia mezani, macho yakiwa kwenye gazeti. "Mafundi hupaka zile mbao oili ndio zege isishikane nazo. Iliingia kwa sakafu, sasa inatoka."

"Inatoka ikiwa na moto?"

"Agneta, kunywa chai."

Mzee Absalom Wakhungu alikuwa ofisa wa elimu mstaafu na mzee wa kanisa, na kwa yote mawili alikuwa amezoea kuwa na jibu. Jibu lilipokosekana, alikuwa na redio. Aliikaribia, akaongeza sauti.

Gereji ile ilianza kama majivuno, tuseme ukweli. Alipostaafu na kununua kiwanja upande wa kwenda Kiminini, wenzake walikuwa wakifuga kuku wa mayai au kuchimba visima. Yeye alitangaza kwamba atajenga gereji ya magari manne. Boma zima wakati huo lilikuwa na Peugeot moja kuukuu, ambayo siku za mvua ilisukumwa na kwaya ya akina mama. Hilo halikumzuia.

"Watoto watakuja Krismasi na magari yao," alisema. "Yalale wapi? Kwa matope?"

Ramani waliichora mezani kwa viberiti. Kiberiti kimoja kilikuwa Peugeot ya mzee. Cha pili kilikuwa cha Jairus, kifungua mimba, ambaye alikuwa Nairobi na kila mwaka alikuwa karibu kununua gari. Cha tatu cha Joy, mwalimu huko Kibabii, aliyekuwa na kigari cha milango miwili. Cha nne Corolla ya Khisa, kitinda mimba, muuzaji wa vipuri mjini Bungoma. Mzee alivipanga vyote vikitazama ukuta wa nyuma. Khisa akanyoosha mkono, akakigeuza chake.

"Papa, mimi naingia na rivasi. Pua iangalie nje."

"Kwani unatoroka nani?"

"Hakuna. Lakini nikitaka kutoka, sitaki kugeukageuka kama kuku kwa gunia."

"Huyu hata mbinguni ataingia na rivasi," Joy alisema, na Agneta akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho walipokaa wote kwenye meza ile. Ngige, fundi kutoka Tuwan, alimwaga sakafu, akaiwekea mteremko wa kutoa maji, akainua kuta, akapaua kwa mabati. Milango ya chuma ilichomelewa Bungoma, Khisa akiisimamia, na mitatu ikapachikwa. Ulibaki wa nne, wake mwenyewe. Mlango uliletwa mapema. Komeo lake la ndani lilichelewa, na Khisa akasema atalileta yeye, maana alitaka kuona gereji ikiwa imesimama.

Jioni aliyolileta, mvua ilikuwa ikinyesha. Kwenye daraja la Kamukuywa lori lilikuwa limeharibikia barabarani, bila taa, bila hata tawi la kuonya wenye magari. Khisa hakuliona. Komeo halikupatikana, huenda lilirukia mtoni.

Mwili ulipelekwa Bumula, kwa akina Absalom. Kabla jeneza halijateremshwa, dada yake Absalom, senge Nakhungu kama watoto walivyomwita shangazi yao, muuza vitambaa ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kunong'ona, alisimama kaburini na kusema mbele ya watu wote:

"Mmeleta mwili peke yake. Mwenyewe mmemwacha darajani. Twende tumwite, tumlete, halafu ndio tuzike."

Wazee kadhaa waliitikia kwa vichwa. Absalom alimtazama mchungaji kwanza, kisha dada yake.

"Mwanangu yuko mbinguni, Nakhungu. Hayuko Kamukuywa akingoja lifti."

Wakazika.

Waliporudi Kitale, Ngige alimfuata mzee uani, kofia mkononi. "Mzee, hii nafasi ya mwisho si tuzibe tu na mawe? Iwe stoo ya mahindi."

"Ramani ni ya magari manne."

"Najua, mzee, lakini mama ataona kila siku..."

"Ramani, Ngige, ni ya magari manne."

Basi mlango wa nne ukapachikwa. Ndani haukuwa na komeo. Nje Ngige aliupinda waya ukawa ndoano. Sijui kama Absalom aliukataa ule ukuta kwa ukaidi au kwa mapenzi. Huenda hata yeye hakujua.

Agneta hakumwambia mtu alichoanza kufanya. Kila jioni, saa ambazo Khisa alizoea kufika kila alipokuja kutoka kazini Bungoma, alitoka na leso kichwani, akaondoa waya, akafungua mlango wa nne, akasema kwa sauti ya chini: "Ingia, Khisa. Kunanyesha." Hata pale ambapo hakukuwa na mvua alisema kunanyesha. Alisimama kidogo, kisha akafunga, akarudi kusonga ugali. Hilo lilimsaidia kuliko maombi ya akina mama wa kanisa, ambao walikuja kumfariji na kuhesabu madirisha.

Jioni moja, siku chache baada ya lile doa kutokea, akaitikiwa.

Bado kulikuwa na mwanga. Alisikia injini nje ya lango, kisha honi mara mbili, fupi fupi, kama alivyozoea kupiga Khisa. Mbwa wao hakubweka. Alilala kifudifudi na kujivuta chini ya ghala la mahindi. Lango halikufunguka, lakini kokoto za njia zilianza kulia, taratibu, chini ya uzito wa kitu ambacho macho hayakukiona, na sauti hiyo ikampita Agneta karibu kiasi kwamba upepo wake uliinua upindo wa gauni, na nyuma ya upepo ikaja harufu ya breki zilizoungua, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya zege mbichi na mahindi yaliyooza kwenye gunia, na ile sauti ikaingia katika nafasi ya nne, ikatulia, ikazima.

Mama mwingine angekimbia. Agneta alilia kwa furaha.

Akaanza kumpelekea chai. Aliacha kikombe sakafuni jioni, na asubuhi alikikuta kikavu, chini kuna vumbi la simenti. Alikonda. Gauni la kanisani likamning'inia. Lile doa la oili, alilokuwa ameliogopa mwanzoni, sasa aliacha kulifuta. Na ndani ya nyumba, kila jioni honi ilipolia, redio ya Absalom ilipanda juu.

Joy alipokuja shule zilipofungwa, aliingiza kigari chake katika nafasi ya tatu, akazima, akabaki ndani akitafuta mkoba. Hapo ndipo alisikia, upande wa pili wa ukuta, chuma kikipoa. Tik. Tik. Tik. Injini inayotoka safarini. Akateremka, akachungulia nafasi ya nne. Tupu. Kikombe cha chai, na doa.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemsikia?" Agneta alinong'ona. Macho yalikuwa yanang'aa. "Usimwambie papa. Atamletea watu wa maombi wamfukuze."

"Mayi, nani?"

"Ndugu yako. Huja kila siku. Hata honi ni yake, Joy, mara mbili."

Joy alitaka kumkumbatia, amwambie maneno ya kawaida, apumzike, waende hospitali. Lakini alikuwa akitazama sakafu. Doa lilikuwa mbali ndani, karibu kabisa na ukuta wa nyuma.

"Mayi," alisema polepole, "injini ya Corolla iko mbele."

"Ndio."

"Khisa alikuwa anaingia na rivasi. Maisha yake yote. Oili ingedondoka hapa kwa mlango." Alionyesha miguuni mwake, ambapo sakafu ilikuwa safi. "Huyu ameingiza pua."

Agneta alilitazama doa. Mkono wake ulipanda mdomoni taratibu. Na kutoka pembe ambayo haikuwa na kitu, kitu kilivuta pumzi, ndefu, ya kuridhika, kama mtu aliyeshiba ambaye amesikia akizungumziwa na hana haja ya kujificha tena.

Walimkuta Absalom amekumbatia redio. Joy aliizima.

"Papa, unasikia nini kila jioni?"

Mzee alinyoosha mkono kwenye kitufe cha redio, kisha akaurudisha. "Honi," alisema mwishowe. Mabega yakaanza kutikisika. "Nilidhani nikinyamaza atachoka aende. Mtoto wangu mwenyewe, nilitaka achoke aende."

Senge Nakhungu, aliyepigiwa simu na Joy, alifika kesho yake na kifurushi chake cha vitambaa, maana hakuona sababu ya kufunga biashara. Alizunguka gereji bila kuingia, akanusa, akatema mate.

"Agneta, dada, wewe ulimwita wapi?"

"Hapa. Mlangoni pake."

"Ndio shida. Khisa hakusikii. Yeye yuko pale alipoachwa, anangoja watu wake. Sasa ukiita hapa kila siku, mlango umefungua, chai umeweka, unafikiri nani atakataa? Kuna vitu vinatembea havina kwao, havina hata jina. Hiki umekipa jina la mtoto." Akamgeukia kaka yake. "Na wewe, mtu wa mbinguni, leo utaita. Wewe ndio baba."

"Nitaita," Absalom alisema.

"Tutamtoa darajani twende naye moja kwa moja Bumula, kwa kaburi lake. Tusipite hapa. Huyu wa hapa nitashughulika naye baadaye, akiwa amekosa jina."

Waliondoka mchana na Peugeot, Joy usukani. Kamukuywa maji yalikuwa mengi na mekundu. Malori yalipita yakiwapigia honi, na abiria wakachungulia madirishani kumwona mzee wa kanisa, suti nyeusi na tai, amesimama kando ya daraja na tawi mkononi, la kumbebea roho ya mwanawe. Mwanzoni alikohoa kama anayetaka kusoma matangazo. Kisha akaita.

"Khisa! Khisa, mwana wangu! Papa amekuja. Nimechelewa, baba, nisamehe. Twende nyumbani."

Akainua tawi juu. Aliita tena, bila aibu sasa, mpaka Nakhungu akamgusa bega. Agneta alifungua mlango wa nyuma wa gari, kama anavyofunguliwa mgeni. Tawi likawekwa kitini karibu na dirisha. Na Peugeot, taratibu, ikainama upande ule. Springi zililia kidogo. Gari lote likanukia sabuni ya mche na grisi, harufu ya Khisa akitoka kunawa jioni. Agneta aliweka kiganja juu ya kiti, kando ya tawi, akakiacha hapo.

Joy aliwasha gari, akalielekeza Bumula.

"Ngoja," Absalom alisema.

"Usingoje," Nakhungu alisema.

"Alikuwa anakuja kuona gereji. Alikufa akija kuiona. Nakhungu, aione tu. Dakika moja. Halafu tumpeleke."

"Absalom, nimekwambia..."

"Mlango wake haujawahi kumwona," Agneta alisema kutoka nyuma, kwa unyonge ambao hakuna aliyeuweza. "Senge, tafadhali. Aone mlango wake."

Nakhungu alifumba macho. Yeye pia alikuwa amemlea kijana yule. Joy akageuza gari kuelekea Kitale.

Walifika jua likizama. Walipovuka lango Joy alifanya jambo ambalo liliwaliza wote: aligeuza Peugeot, akairudisha kinyumenyume mpaka karibu na gereji, ili Khisa aingie alivyopenda. Walikuwa wameacha mlango wa nne wazi.

Sasa ulikuwa umefungwa.

Absalom aliteremka. Waya wa nje ulikuwa unaning'inia bure. Alivuta mlango, haukuja. Alivuta kwa mikono miwili, na ndani chuma kikagonga chuma, mgongano mzito wa komeo lililoingia sawasawa mahali pake, komeo ambalo mlango ule haukuwahi kuwa nalo. Kutoka kwenye kitasa yakaanza kudondoka maji mekundu ya mto.

"Toka hapo," Nakhungu alinong'ona, yeye ambaye hakujua kunong'ona. "Absalom, usigonge. Toka."

Ndani ya gereji honi ililia, mara mbili, fupi fupi.

Ndipo karibu na dirisha la gari, kwenye kiti kisicho na mtu, sauti ikasema kwa uchovu, kama ya mtoto aliyeamshwa safarini:

"Mayi, nani yuko kwa nafasi yangu?"

Agneta aligeuka kukishika kile kiti. Kiganja chake kilikuta tawi tu. Springi zikapumua, na upande ule wa gari ukainuka, wepesi, ukakaa sawa na mwingine. Harufu ya sabuni ikapita dirishani, ikaelekea langoni.

"Usimwite!" Nakhungu alipaza sauti. "Agneta, si hapa! Usimwite hapa!"

Lakini Agneta alikuwa ameshateremka, leso imeanguka, anakimbia kokotoni bila viatu kuelekea barabara ya Kiminini, ambapo giza lilikuwa likishuka na hakukuwa na mtu.

"Khisa!" aliita. "Khisa, baba, rudi!"

Na nyuma yake, kutoka nafasi ya nne, ikamwitikia sauti nzuri, tulivu, ya mtu aliye kwake:

"Naam, mayi."